Kikohozi cha Baba Ashley

Jumamosi, 20 Aprili 1996

Fahali wamepigana Khayega asubuhi bila mimi. Tena! Nilikuwa nyuma ya nyumba nasuuza nepi. Nikasikia ngoma za isukuti kwa mbali, halafu firimbi. Firimbi yangu ninayo mfukoni, lakini nafasi yangu imechukuliwa. Tangu nianze kuota ndevu, mimi Chrispinus ndiye hutangulia mbele ya fahali wetu nikipuliza, na watu wananipisha njia. Sasa anapuliza Sifuna. Mtu asiye na pumzi ya kuzima mshumaa!

Niandike mambo yalivyo. Mke wangu Dinah alijifungua mwisho wa Februari. Msichana. Jina Ashley alilitoa kwenye gazeti, sikuulizwa. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo aliyekuja kutusaidia ni mama yake Dinah, kutoka Lumakanda. Hapo ndipo nilipopoteza nyumba yangu. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja. Hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Jina lake siliandiki hata humu ndani. Usiku analala kwa jirani yetu Dorothy, ng'ambo ya ua. Kukipambazuka anakuja kwangu, na sebule ni yake hadi mtoto aogeshwe na alale.

Tuna utaratibu. Nikifika langoni, nakohoa. Akisikia, anatoka kwa mlango wa nyuma. Kama hajawa tayari, anakohoa yeye, nami nangoja. Leo nimengoja mpaka mvua ikanikuta. Taarifa ya habari ya saa moja nimeisikilizia chini ya dirisha langu mwenyewe, nimejifunika gunia. Mimi, fundi wa redio! Na kile kiti changu chenye mto, kilicho karibu na redio? Nani amekikalia? Sihitaji kuambiwa.

Tukiwa na neno la kuambiana, tunampitishia Ashley. Yeye ndani, mimi nje, mtoto katikati. Leo Ashley aliombwa aniambie kwamba nepi zangu bado zina sabuni. Mtoto wa miezi miwili, tayari ni mkalimani.

Dinah anafundisha chekechea hapa Khayega, na anarudi kazini shule zikifunguliwa tarehe sita Mei. Kuna msichana aitwaye Winrose aliyeshika darasa lake, na mwalimu mkuu amesema wazi kwamba huyo yuko tayari kubaki nalo. Dinah hana wasiwasi, kwa sababu mtoto ana nyanya wa kumlea. Mimi nasema lazima kuna njia nyingine. Sijaipata. Lakini mtu anayefufua redio zilizokufa hawezi kushindwa na mama mmoja.

Jumatatu, 22 Aprili

Njia imepatikana! Mahindi.

Huu ni msimu, na mama mkwe ameacha shamba lake peke yake. Nimesimama chini ya dirisha nikamwomba Ashley amwambie nyanyake kwamba nimekutana sokoni na mtu wa Lumakanda. Kwamba ng'ombe wameangusha uzio. Kwamba wanakula miche ya mahindi, na hakuna wa kuwafukuza. Nikatia huzuni kwenye sauti. Nusura nilie mwenyewe.

Kisha Ashley akaombwa aniambie asante. Uzio ule ulifungwa na mtu mwaminifu, na ng'ombe wa kwao hawana desturi ya kutembea sokoni. Na chai iko dirishani, inapoa.

Chai ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi, hivyo hivyo ninavyoipenda. Sijui nani alimwambia. Niliinywa kwa hasira.

Jumatano, 24 Aprili

Nimelala nikiwaza na nimeamka na jibu. Nitamchosha.

Sheria ni kwamba nikikohoa, anatoka. Je, nikikohoa kila mara? Leo nimefunga kibanda changu cha redio mapema na kuanza kazi. Nikafika langoni, nikakohoa. Mlango wa nyuma ukalia, akatoka. Nikaingia, nikachukua kisu kidogo cha kukatia waya, nikaondoka. Akarudi. Nikakohoa tena. Nimesahau kofia! Akatoka. Nikakohoa. Nimesahau nilichosahau! Mchana kutwa mlango ule haukupumzika. Nilimsikia akihema, mtoto mgongoni, beseni mkononi. Nikacheka peke yangu kule langoni.

Kila nilipoingia niliharakisha, nikapitia chumbani bila hata kutupa jicho upande wa kiti. Hata usiku akishaondoka napita gizani hadi kitandani; sitaki kukiona kimebonyea kwa mtu mwingine.

Jioni Dinah aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia mimi niko sawa kabisa, mwulize mama yako. Nadhani kufikia Jumamosi atakuwa amefunga mzigo.

Jumapili, 28 Aprili

Balaa.

Alhamisi Dorothy alikuja kibandani na chupa. Mwarobaini uliochemshwa, mweusi. Alisema umetoka kwa mama, na ameagizwa asiondoke kabla sijamaliza. Dorothy huyu ni mwanamke wa kubeba gunia la viazi peke yake, hubishani naye. Nikanywa mbele ya wateja. Ijumaa tena. Jumamosi tena, nikiwa nimeinama juu ya redio ya mtu, nikashindwa kumaliza kazi kwa kukimbilia chooni.

Na leo kanisani! Mama mkwe hukaa mbele na akina mama, mimi nyuma kabisa karibu na mlango. Wakati wa maombi akasimama. Akaomba kanisa lote limkumbuke baba ya mjukuu wake, kijana mchapakazi, ambaye kifua kinamsumbua mchana kutwa na anajikaza asiwaambie watu wa nyumbani. Alilia. Alilia kabisa! Watu wakageuka kunitazama. Waliokuwa kwenye benchi langu wakasogea.

Baada ya ibada hakuna aliyenipa mkono. Sifuna ameshawatangazia watu kwamba ni kifua kikuu, na kwamba mtu wa aina hiyo hafai kupuliza firimbi ambayo wengine wataishika. Wateja wawili wamekuja kuchukua redio zao zikiwa bado zimefunguliwa, wakazibeba kwenye karatasi.

Lakini nakumbuka kile kilio. Sikupenda kukisikia. Ningefurahi kama angekuwa anaigiza.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nimefanya jambo, na ninaliandika haraka kabla sijalipamba.

Niliwaza hivi: kama desturi ndiyo iliyoniweka nje, basi desturi ndiyo itakayomtoa yeye. Mama mkwe akikutana uso kwa uso na mkwewe ndani ya nyumba, ni aibu kubwa. Hawezi kuendelea kukaa. Ataondoka mwenyewe, na hakuna atakayesema nimemfukuza. Ningesema nilisahau kukohoa, basi. Dinah alikuwa ameenda mtoni kufua.

Nikavua viatu langoni. Nikafunga mdomo. Nikapita.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Kabla sijausukuma nikasikia sauti yake, ya chini, akiongea na Ashley.

"Hapo hatukalangi, mama. Hapo ni kwa baba. Akipona kikohozi atakuja akae, wewe umkojolee vizuri."

Nikasukuma mlango. Sijui kwa nini nilisukuma. Mkono ulikuwa umeshaanza safari.

Alikuwa sakafuni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, Ashley amelala juu ya miguu hiyo anapakwa mafuta. Kiti changu kilikuwa kitupu. Kimepanguswa. Juu yake ametandika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, na mto umewekwa sawa, hauna hata alama ya mtu. Miezi miwili, na hajawahi kukaa pale.

Akainua macho. Uso wake niliuona wote. Paji lile ni la Ashley. Kisha akavuta leso akajifunika, akamlaza mtoto kwenye mkeka polepole, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuvaa hata ndala zake.

Ashley akaanza kulia. Mimi nikabaki nimesimama, viatu mkononi.

Alhamisi, 2 Mei

Mama mkwe ameenda kwao Lumakanda tangu jana. Dorothy alimpelekea ndala. Nyumba ni yangu.

Nimekaa kwenye kiti. Nimesikiliza taarifa ya habari yote, tangu ngoma ya mwanzo hadi hali ya hewa. Sikumbuki hata neno moja. Kila mlango wa nyuma ukitikiswa na upepo, naangalia.

Dinah hanisemeshi. Yaani ananisemesha, lakini anampitishia Ashley. Amemwomba Ashley aniambie ugali uko jikoni, nijipakulie. Amemwomba aniulize Jumatatu nani atabaki na mtoto. Nikamwomba Ashley amjibu mama yake kwamba baba yupo, kwani baba ni mgonjwa? Ashley akaombwa aniulize, kwani si ndivyo kanisa lote linavyojua?

Nitamlea mimi mwenyewe kibandani. Mtoto ni redio tu: unatafuta kinachokwaruza, unakirekebisha, anatulia.

Jumamosi, 4 Mei

Leo Dinah alikuwa na kikao cha walimu, nikapewa mtoto. Na leo ni Jumamosi. Fahali! Nikaona mambo mawili yanakwenda pamoja. Nikamfunga Ashley mgongoni kwa leso, nikatia firimbi mfukoni, nikashika njia kabla jua halijachomoza.

Kufunga leso si kazi ya mara moja. Alianza mgongoni, akafika ubavuni, tukaingia uwanjani akiwa chini ya kwapa.

Sifuna aliniona, akapaaza sauti ili wazee wote wasikie. Alisema mwanaume aliyebeba mtoto mgongoni hawezi kusimama mbele ya fahali, atamlegeza. Hiyo desturi aliitunga palepale! Naapa. Lakini wazee waliponitazama na ile leso yangu ya maua, wakaona ina maana. Nikaambiwa nisogee kule nyuma kwa akina mama wanaouza chai. Sifuna akapuliza. Kila alipopuliza, Ashley akapiga yowe. Mama mmoja akaniuliza nyanya yake mtoto yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akasema masikini, msimu kama huu, na akamfunga Ashley upya mgongoni mwangu bila kuomba ruhusa.

Nikarudi nyumbani mapambano yakiwa hayajaisha. Sijui fahali gani alishinda, na sikuuliza.

Jumatatu, 6 Mei

Sitaki kuandika leo. Nitaandika.

Dinah alitoka asubuhi na sketi yake ya kazi, imembana kiunoni, akaishika kwa pini. Alikuwa amejitengeneza nywele. Alisimama mlangoni akimwangalia Ashley mpaka nikamwambia nenda, nenda, mimi niko.

Kibandani, saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Halafu nikawasha mkaa wa kupashia chuma cha kuchomelea waya. Moshi. Ashley akakohoa, kikohozi cha kweli, kidogo, cha mtoto. Nikazima. Akalia. Nikampa maziwa ya kikombe aliyoacha mama yake, akayatema kwenye redio ya mteja. Nikamwimbia. Nikamfungulia stesheni zote. Akalia mpaka rangi ikambadilika. Nikambeba mbio mpaka shuleni.

Dinah aliitwa nje ya darasa. Akanyonyesha, akarudi ndani. Sikufika mbali, Ashley akaanza tena. Nikarudi. Dinah akaitwa tena. Mara ya tatu mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa barazani, mikono nyuma. Na kwenye mlango wa darasa alisimama Winrose, ameshika chaki, akiwaimbisha watoto. Watoto walikuwa wakimwitikia vizuri. Sikumchukia hata kidogo, na hilo ndilo liliniumiza. Mwalimu mkuu alisema kwa upole kwamba anaelewa, lakini darasa si la kuachwaachwa. Amempa Dinah hadi Ijumaa atengeneze mambo ya nyumbani. La sivyo apumzike, alee mtoto.

Dinah alikaa nyuma ya darasa, kwenye jiwe, Ashley kifuani, vidole vyeupe kwa chaki. Alilia bila sauti. Safari hii hakumpitishia mtoto. Alinitazama mimi. Alisema mama yake aliacha shamba msimu wa kupanda, akalala kwenye mkeka wa watu wengine, ili yeye arudi kwa watoto wale. Kwamba hilo tu ndilo alilokuwa akilingojea tangu Februari.

"Ulitaka kiti, Baba Ashley," akasema. "Basi kikalie."

Jumatano, 8 Mei

Nimetoka Lumakanda. Dorothy alikubali kubaki na mtoto kwa siku moja tu, ana biashara yake, na Dinah alikuwa akikimbia kutoka shuleni kila mapumziko kuja kumnyonyesha. Nilibeba kuku jike na blanketi, maana mtu hawezi kwenda mikono mitupu kwa mama mkwe aliyemvunjia heshima.

Nilipofika nikakohoa langoni. Nilikohoa kwa adabu zote nilizo nazo. Mlango wa jikoni ukafungwa. Nikakaa nyuma ya ghala la mahindi, yeye yuko ndani ya jiko, ukuta na ghala vikiwa katikati yetu.

Hapo nikagundua kosa langu. Ashley hayupo! Nitasemea wapi? Mtu hawezi kumwambia mama mkwe maneno mazito moja kwa moja, nimeshavunja ya kutosha. Nikaangalia huku na huku. Nikamshika kuku.

Nikamwambia kuku amwambie mama kwamba mkwewe amekuja. Kwamba mkwewe hakusahau kukohoa siku ile, alikusudia. Kwamba kikohozi pia hakikuwa cha ugonjwa. Kwamba aliona kiti, na tangu hapo hajakaa vizuri mahali popote. Kwamba Dinah atapoteza darasa Ijumaa, na kosa si la Dinah. Kuku aliniangalia kwa jicho moja.

Nikadhani mama ametoka kwa nyuma akaenda zake. Kisha nikasikia akimwita kuku kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia Ashley. Kuku aliombwa aniambie kwamba wale ng'ombe niliowaona sokoni, wamefika.

Nikachungulia shambani. Kweli! Uzio umelala chini. Mistari mizima ya mahindi imeliwa, imebaki vishina. Nilitunga uongo mwezi uliopita, na ng'ombe wakaja kuutimiza kwa sababu mwenye shamba alikuwa kwangu akifua nepi. Nilikaa chini pale ghalani nikashika tama. Kuku akaniponyoka.

Nilisimamisha zile nguzo mpaka mchana. Nimesimamisha vibaya, mimi si mtu wa nguzo, lakini zimesimama. Nilipomaliza, chai ilikuwa juu ya kinu karibu na ghala. Maziwa mengi. Tangawizi.

Kuku hakuonekana tena, kwa hiyo alizungumza na blanketi. Blanketi liliombwa liniambie hivi: katika nyumba ile hawezi kuingia tena, mpaka wazee wa kwangu na wa kwao wakae wayamalize, na wazee hawakai kabla ya mavuno. Lakini kwa Dorothy hakuna mkwe. Atakuja kesho, atamlea mtoto kwa Dorothy, na Dinah atavuka ua kunyonyesha. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya darasa la Dinah.

Nikaliambia blanketi asante. Ni vigumu kulia mbele ya blanketi.

Jumamosi, 11 Mei

Dinah amebaki na darasa lake. Jana mwalimu mkuu alimpa chaki boksi zima. Amerudi akiimba, na amenisemesha mwenyewe, bila mkalimani. Neno moja tu: chumvi. Nilimpa chumvi mbio.

Watu wamesikia kutoka kwa Dorothy kwamba kifua changu ni kizima, na leo nimerudi uwanjani. Sifuna alisogea, shingo upande. Nimepuliza firimbi mbele ya fahali, watu wamenipisha njia, yote yamekuwa kama zamani. Nilikuwa nikipuliza huku nikiwaza Ashley ameamka saa ngapi.

Nimekuta nyumba imetulia. Dinah na mtoto wako kwa Dorothy na mama; mtoto huletwa nyumbani usiku akiwa amelala, na huondoka kabla hajaamka. Kiti ni changu, redio ni yangu, kitambaa cheupe bado kiko pale na sijathubutu kukikunja. Nimewasikia wakicheka ng'ambo ya ua. Ashley ameanza kucheka kwa sauti! Nimekisikia kicheko chake cha kwanza nikiwa nimesimama kwenye michongoma, kama vile nilivyosimama chini ya dirisha. Nilitaka sana kumwona uso. Lakini mama yuko pale, na kwenye ua wa mtu huwezi kujitokeza tu.

Wazee hawatakaa mpaka mavuno. Mavuno ni mbali mno. Nimewaza, nimewaza, mpaka nimepata. Mama yule ana huruma. Hawezi kuvumilia mtu anayeugua. Nikiugua kidogo, ataleta dawa mwenyewe hadi kwenye ua, na Ashley atakuwa mgongoni mwake. Nitageuza uso upande, nimwone mtoto kwa pembe ya jicho. Hakuna desturi itakayovunjwa.

Jioni hii nimesogea karibu na ua. Nikakohoa mara moja, kwa majaribio.

Upande wa pili kicheko kikakoma. Kisha Ashley akaombwa amwambie baba yake kwamba mwarobaini bado upo, na wa safari hii umechemshwa zaidi.

Imefaulu! Kesho nitakohoa tena, kwa nguvu. Mpango huu hauna kasoro hata moja.